Nsenene Ishuke Kiasi Gani

Jumatatu, 10 Aprili 2017

Leo nyumbani moto! Dada yangu Safinah anaolewa Jumamosi ya tarehe 29, kabla ya Ramadhani. Mume yuko Bombo. Kwetu Wanubi wa ukoo huu bibi harusi hapandi gari hivi hivi tu. Anakaa nyuma, Haboba, nyanya yetu, pembeni yake, bega kwa bega, mpaka mlangoni kwa mume. Kwa hiyo gari anachagua Haboba. Mume hana neno hapo. Nyanya akisema, imekwisha.

Binamu Jafar akajitia mbele. Eti Prado yake ndiyo itambeba, gari ya heshima. Akanitazama akasema Nsenene ibebe masufuria.

Masufuria! Nsenene! Subaru yangu ya kijani kibichi kama nsenene, wale panzi wa kuliwa wa Novemba, kabla hawajaingia kikaangoni! Stendi nzima ya spesho, teksi zetu za kukodi, hapa Bwaise wanaijua kwa mlio tu, hata wakiwa wamefumba macho.

Nikamjibu mbele ya mashangazi wote: kaka ni mimi, dereva ni mimi. Baba angekuwepo angemwendesha binti yake mwenyewe. Hayupo. Niko mimi.

Safinah akaangalia chini. Haboba akasema basi, Jumapili ya tarehe 23 ataingia gari zote mbili, kila moja imzungushe, halafu atasema. Nyonga yake mbovu tangu aanguke bafuni. Atakayemtikisa ajihesabu mgeni kwenye harusi — ndivyo alivyosema.

Sawa. Nitaishusha Nsenene. Gari ya harusi lazima ilale barabarani kama paka anayevizia. Jafar atakoma mwaka huu.


Jumatano, 12 Aprili 2017

Nimeenda kwa Masinde, gereji yake iko nyuma ya stendi yetu. Mkenya wa Bungoma, fundi kweli kweli, lakini mdomo! Unaenda kufunga nati moja unarudi na somo zima.

Akaniuliza, "Unataka springi fupi au seti nzima?"

Nikamwambia nataka ishuke, basi.

Akaniketisha juu ya tairi kama mtoto wa chekechea. Springi fupi, anasema, ni springi peke yake. Unatoa ndefu, unaweka fupi na ngumu, shokabzoba zinabaki zile zile za zamani. Rahisi, na gari inashuka siku hiyo hiyo. Lakini shokabzoba yako imezoea springi ndefu, sasa unailazimisha kuishi imechuchumaa. Seti nzima ni springi na shokabzoba zilizotengenezwa pamoja, moja ndani ya nyingine. Ina pete yenye meno. Unazungusha pete — ikipanda gari inapanda, ikishuka gari inashuka. Leo chini, kesho juu, unavyotaka.

"Na mimi nitataka juu lini?" nikamuuliza. "Mimi ni mtu wa chini, Fundi."

Akasema, "Kijana, wewe unaendesha barabara za Kampala, siyo za kwenye simu yako."

Nikamwambia Wakenya wote wanapenda kula hela za watu. Akacheka, akanirushia kitambaa cha mafuta. Springi fupi zitakuja Ijumaa. Nimeamua. Mimi ndiye mwenye gari.

(Angekubali kuzikata tu zile za zamani kwa mashine ya cheche? Nilimuuliza pia. Alikataa. Alisema anayekata springi naye atakatwa siku moja. Masinde bwana!)


Ijumaa, 14 Aprili 2017

ALHAMDULILLAH, NSENENE IMELALA!

Vidole viwili tu kati ya tairi na bodi. Nimepima mwenyewe. Zamani mkono mzima ulikuwa unaingia na saa yake.

Nikaenda moja kwa moja mpaka Lubaga, peke yangu, madirisha wazi, muziki umefunguliwa wote. Leo ni Ijumaa Kuu, watu wametoka kanisani wamejaa barabara nzima. Wamenitazama wote! Mtoto mmoja alimvuta mama yake gauni akanionyesha. Dereva wa boda akaniinulia dole gumba. Kwenye kona Nsenene haiyumbi hata kidogo, inakata kama kisu kwenye sabuni.

Nimempigia Jafar picha tatu na kumtumia. Amejibu neno moja: "Masufuria."

Wivu huo.


Jumamosi, 15 Aprili 2017

Nilimpeleka mama mmoja Mbuya, mnene, mcheshi, na trei mbili za mayai mapajani. Alishuka akasema, "Kijana, gari yako inaruka hata pasipo na shimo." Mayai manne yamepasuka. Nikamwambia ni barabara.

Ni barabara.


Jumanne, 18 Aprili 2017

Siyo barabara. Naandika kwa aibu lakini hakuna mwingine anayesoma hapa.

Nilimwambia Masinde ile habari ya mayai kama utani. Hakucheka. Akauliza niliipima gari ikiwa na nani ndani. Nikasema mimi. Na nani tena? Mimi na muziki.

Akasema, "Na siku ya harusi?"

Nikahesabu: Safinah. Haboba. Shangazi Jalia nyuma nao, na yeye ni shangazi wa kilo, Mungu amzidishie. Mbele mimi, na kando yangu ile sanduku ya nguo, na vikapu walivyosuka mashangazi miezi sita. Lo. Nimeipima gari tupu! Kama mtu anayekwenda kupima suti akiwa hajala wiki nzima.

Tukajaza majerikeni saba pale kwenye bomba. Matano kiti cha nyuma, mawili kwenye buti. Masinde mwenyewe akakaa mbele akafunga mkanda, jambo ambalo hafanyi kamwe.

Vidole viwili vikawa sifuri. Kidole hakiingii!

Tuta la kwanza — GBAAM! Chini imegusa. Tuta la pili — gbaam tena, na Nsenene ikaendelea kuruka yenyewe, mara moja, mbili, tatu, kama imefurahi. Majerikeni yakamwaga maji. Kiti chote kimelowa. Masinde akawa anahesabu kwa sauti, "Haboba ameumia. Haboba ameumia. Haboba sasa tunampeleka hospitali."

Tuliporudi akaniita chini ya gari. Shokabzoba ya nyuma kushoto inalia mafuta. Nilifikiri atasema nilikuambia. Hakusema. Hilo ndilo limeniuma zaidi. Alisema tu, "Jumapili iko karibu. Mtafute Akullo."


Alhamisi, 20 Aprili 2017

Akullo anauza spea kule sokoni Kiseka, mama wa kabila la Lango, anakaa katikati ya mashokabzoba kama mtu anakaa katikati ya mahindi yake. Ana seti nzima ya gari kama yangu, imetumika lakini kavu, haina hata tone la mafuta. Alisimamisha moja juu ya sakafu akaiegemea na kitako chake. Ikashuka polepole, ikapanda polepole, ikatulia. Haikuruka! Nilitaka kumwoa, hata kwa umri wake.

Bei yake — sitaandika. Nikamwambia, "Maama, mimi ni mtoto wa watu." Akasema, "Hata hiyo seti ni mtoto wa watu." Nikamsifu nywele. Nikamwambia dada anaolewa. Nikamwambia Haboba ana nyonga.

Hapo kwenye nyonga akaniuliza alianguka lini, anatembea na fimbo au bila. Kumbe yeye naye goti lake bovu. Halafu akaangalia nyuma ya Nsenene, akasikia muziki.

"Hiyo spika kubwa ni yako?"

Banange! Spika yangu! Ile inayofanya vioo vya jirani vitetemeke! Nilipata homa pale pale. Mtoto wake ana chumba cha video na anatafuta kama hiyo.

Nimekuja nyumbani na seti nzima kwenye buti, na nafasi ya spika tupu. Njia nzima nimejiimbia mwenyewe. Sauti yangu siyo mbaya.


Jumapili, 23 Aprili 2017

Siku ya Haboba! Naandika haraka, siyo woga, ni furaha.

Jana Masinde alifunga seti. Alitaka nafasi ya vidole vinne, mimi viwili. Tumegombana kama mke na mume. Tukapatana vitatu. Akanipa na spana yake ya kuzungushia ile pete, imepinda kama mwezi mwandamo, akasema niitunze.

Asubuhi Prado ikaja kwanza, imeoshwa inameremeta. Haboba akasimama mlangoni kwake akaangalia juu. Juu kabisa! Jafar akaleta kigoda. Mguu mmoja kwenye kigoda, nyonga ikakataa. Jafar akataka kumbeba mikononi, Haboba akampiga kofi la bega. "Mimi ni gunia?" Mwisho mashangazi wawili wakamsukuma kutoka nyuma. Wakazunguka mpaka kwenye mzunguko na kurudi. Jafar anaendesha vizuri, siwezi kudanganya. Lakini kushuka! Dakika tano, na uso wake umekunjamana.

Halafu Nsenene. Haboba akageuka, akakaa. Basi! Akaketi kama anaketi kwenye mkeka wake, akaingiza miguu. Baada yake wakaingia Safinah na shangazi Jalia. Nikaendesha. Tuta — laini. Shimo la kwa muuza mkaa, lile linaloijua kila gari ya Bwaise — laini! Niliona kwenye kioo Haboba amefumba macho. Nikauliza, "Haboba, unaumia?"

"Nyamaza, endesha."

Tuliporudi hakushuka. Akakaa tu. Mashangazi wote wamezunguka, Jafar ameegemea Prado yake. Akasema, "Mjukuu wangu ndiye atatupeleka."

Safinah akanipiga ngumi ya mgongo, ile ya tangu utoto, halafu akakimbilia ndani. Nilisikia analia. Kulia kuzuri.

Jafar alinipa mkono. Akasema masufuria atabeba yeye. Nikamwambia afunike vizuri, mchuzi usimwagike kwenye ngozi ya viti! Hakucheka sana.


Ijumaa, 28 Aprili 2017

Nsenene imeoshwa mara mbili. Utepe mweupe, maua ya plastiki kwenye bampa. Mpiga picha atakuja asubuhi.

Kitu kimoja. Nimechukua spana ya mwezi na jeki ya jirani, nimeishusha kidogo. Kutoka vitatu mpaka viwili. Kwa ajili ya picha tu, inapendeza mno! Kesho baada ya picha kuna muda wa kuipandisha tena. Masinde hajui na hahitaji kujua.


Jumamosi, 29 Aprili 2017

Saa tatu na nusu asubuhi. Naandika ndani ya Nsenene, daftari juu ya usukani. Nje maji.

Mvua ilianza alfajiri ikapiga bila kupumua. Mpiga picha hajafika. Mtaro umejaa, umeshuka barabarani, na Bwaise inafanya inachofanya kila mwaka. Kutoka kwetu mpaka lami kuna sehemu maji yanafika katikati ya tairi. Nsenene kwa vidole viwili itayanywa kama supu.

Mashangazi wakaanza: Prado, Prado, gari ya juu, Prado. Jafar alienda tu akaiwasha. Hilo ni baya kuliko kusema.

Haboba alikuwa ameshakaa ndani kwangu tangu saa mbili, amejifunga gurbaba yake mpya, vazi letu la Kinubi, anangoja. Wakamwambia ashuke wamhamishe. Akauliza, "Nasif, gari yako haiwezi kupanda juu?"

Inaweza, Haboba. Inaweza!

Nikampigia Masinde. Alifika na boda, mfuko wa nailoni kichwani, akaangalia vile vidole viwili, akaniangalia mimi. Nikasema, "Fundi, nitukane baadaye." Akasema atanitukana mpaka Desemba. Tukavua makoti. Mimi na suti ya harusi magoti ndani ya matope, watu mia wamesimama barazani wanatazama, jeki juu ya ubao, na Haboba amekataa kushuka. Tukainua gari naye humo humo. Alishika tasbihi yake akasema twende taratibu.

Gurudumu la kwanza, pete juu. La pili. La tatu. Nsenene sasa imesimama mbaya, miguu mirefu kama kuku wa kienyeji aliyeloa. Vidole vitano! Mzuri wangu, samahani.

La nne nati moja imegoma kabisa. Masinde amekimbia gereji kuleta bomba refu la kuilegeza. Ndiyo maana nimekaa. Naandika haraka tena, na safari hii siyo furaha, nasema ukweli.

Safinah yuko mlangoni ameshikiwa mwavuli. Hajaangalia Prado hata mara moja. Ananiangalia mimi. Bombo wamepiga simu mara mbili wanauliza kama tumetoka.

Haboba kutoka nyuma, "Unaandika nini?"

"Hesabu za gari, Haboba."

"Andika nimekaa vizuri."

Prado imezimwa. Kwa nini imezimwa? Jafar ameshuka. Anakunja kanzu yake nyeupe mpaka magotini, anaingia majini, anakuja huku. Masinde naye huyo anatokea konani na bomba begani. Jafar ameinama kwenye gurudumu la nne, anagonga bodi kwa ngumi, anapiga kelele niteremke nimwonyeshe ni nati ipi —