Salmon ya batoto

Kabibi, uko wapi? Jibu! Nimepata aibu leo, aibu ya kweli.

Madamu yangu wa kazi amesafiri. Akaniachia kipande ya salmon, ile samaki yenye nyama ya rangi ya rozi. Akasema: "Rosette, mafuta kidogo, chumvi, ngozi chini. Dakika kumi imeisha."

Nikafika hapa nyumbani, Chilinde, nikapika ugali, nikaweka kikaango kwa moto. Dakika kumi kweli!

Njo sasa usikie. Nikafungua mulango nikaita na sauti yote: "Gabriella! Ezechiel! Munawe mikono, mukuje kula!"

Kabibi, NILIBAITA. Na mi mwenyewe njo nilibapeleka batoto bangu kambini Dzaleka kwa mama yangu, mwezi ya tatu sasa! Mikono yangu ilikuwa imeshika sahani tatu.

Uwamariya, yule jirani mushonaji, akaacha mashini yake. "Rosette, batoto balirudi?"

Unajua nilijibu nini? "Ndiyo, balirudi."

Balirudi! Nilisema balirudi!

Nikaingia, nikafunga mulango. Mi, kufunga mulango saa ya kula! Kwetu Fizi nani anafunga mulango saa ya kula kama si muchoyo?

Samaki ilinishinda. Ezechiel anakulaka kichwa, na hii haina hata kichwa.

Kabibi, ngoja. Kuna mutu anagonga.

Ni Uwamariya. Ameleta ndizi mbili, ya kila mutoto moja. Iko anabaita kwa majina, anacheka, anasema batoke bamusalimie.

Kabibi, nani ataitika?