Bado Umo Kwenye Kadi za Ema

Mama,

Shikamoo. Nimekuamkia, sasa nisikilize, maana nina hasira. Si kwako, ila wewe ndiye niliyezoea kukupigia kelele, kwa hiyo vumilia.

Siku tuliyokuzika, baba mdogo alimchukua mdogo wangu Ema akampeleka kwa jirani. Unawajua watu wetu: mtu mwenye sindromu ya Down haachwi aone jeneza, eti atasumbuka. Ema alipouliza, wakamwambia, "Mama yuko hospitali." Matanga yakaisha, wakarudi makwao, uongo wao wakaniachia mimi humu ndani.

Wiki hii ikafika zamu yake ya kipimo cha moyo. Akipanda na ndoo kutoka bombani anahema mpaka namwonea huruma, na bila kipimo hawezi kuandikiwa dawa. Daktari wa moyo yuko Karatu wiki hii tu. Nikatoa kadi zako kabatini, zile picha ambazo nesi alikupiga ukiwa kwenye benchi, ukiwa juu ya mizani, ukiwa kitandani unapakwa ile jeli ya kifuani, ili Ema aone kila hatua kabla hajaifikia. Nikazipanga mezani kama ulivyokuwa unafanya, nikasema na maneno yako yale yale: "Baridi kidogo, halafu basi."

Alifurahi, Mama! Alioga bila kusukumwa, akavaa shati la kanisani. Nikajisifu, nikasema kumbe na mimi naweza.

Kufika hospitali akanichomoka. Kadi yako mkononi, anafunua pazia hili, anafunua lile. "Mama? Mama?" Akaenda mpaka wodi ile uliyolazwa mwisho, kitanda kile cha dirishani, akamkuta bibi wa watu amelala. Akamtazama bibi, akatazama kadi. Kisha akakaa sakafuni akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, midomo ikawa rangi ya zambarau. Niliogopa, Mama. Niliona nakuja kuwazika wawili. Kupima kukashindikana. Nesi akaniambia, "Dada, mrudishe Ijumaa. Jumamosi daktari anaondoka."

Njiani nikapata akili. Waliomwambia uko hospitali walimdanganya kwa mdomo, na mimi nikamwekea picha za kumhakikishia!

Nikarudi kwa yule nesi, akanipiga picha mimi mahali pako, hatua kwa hatua. Halafu nikapiga picha kaburi lako, pale nyuma ya migomba, msalaba na jina lako vinaonekana. Baba Salimu wa duka la picha alipoliona akasema inna lillahi, akazitia zote plastiki taratibu. Baba mdogo ndiye aliyekuja juu. "Unamwonyesha kaburi? Unataka kumuua?" Nikamjibu vibaya. Nikamwambia uongo wake ndio ulikaribia kumuua. Wewe utanisamehe, yeye bado amenuna.

Alhamisi nikamshika Ema mkono tukaja kwako. Nikaweka kadi ya kaburi juu ya udongo. "Mama alikufa. Mama yuko hapa. Hayuko hospitali." Aligusa msalaba, akagusa kadi, akagusa tena msalaba. "Hapa," akasema. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, mpaka akavua kofia yake akanifuta nayo.

Lakini je, alikuwa ameelewa, au alikuwa ananibembeleza tu? Ijumaa nikampeleka tena hospitali. Tukafika kwenye mlango wa wodi ile, Ema akasimama. Akachungulia ndani. Nikaubana mkono wake, nikawa naomba Mungu kimoyomoyo asikimbie. Akatoa kadi ya kaburi mfukoni, akaitazama, akairudisha. Halafu akanivuta yeye, twende kwenye benchi.

Alipanda mizani. Alilala. Jeli ilipomgusa alishtuka, akanibana vidole vikafa ganzi, lakini hakuinuka. Daktari amempa dawa, na anataka kumwona tena mvua zikiisha.

Tuliporudi hakuingia ndani. Alipitiliza mpaka kwako, akapiga magoti, akazipanga kadi juu ya kaburi kama ulivyokuwa unampangia mezani. Akakuonyesha kwa kidole: benchi, mizani, kitanda. Nilisimama kwenye migomba, sikutaka anione. Alipofika kwenye ile ya jeli akaweka kiganja chake juu ya udongo wako, akaupapasa.

"Baridi kidogo, Mama," akakwambia. "Halafu basi."

Sijui kukuaga vizuri kuliko hivyo alivyokuaga yeye. Lala salama. Mvua zikiisha nitazipanga kadi tena, na maadamu niko hai, humu ndani hakuna atakayemdanganya Ema.

Mwanao,
Paskalina