Kwa Nini Uliipinda Barabara, Baba

Baba,

Nakushika miguu huko uliko. Mama hajambo, ila magoti yanamsumbua. Mwanao Nasor kaoa, na mkewe keshajua kupika mchuzi wa papa kama wa kwetu. Hizo ni salamu. Lililonikalisha kukuandikia ni jengine: ile kona.

Tangu tukuzike hapa Ibra, huku kwa Waarabu, misimu miwili ya tende imepita, na hukuniona nikiingia kazini. Nimo idara ya barabara, ile ile uliyoitumikia. Siku zako ilikuwa hema na greda mbili. Sasa ina jengo, makabati ya chuma na kiyoyozi kinachovuma hata hatusikilizani. Mimi nachora ramani. Ndiyo, mwanao wa kike, na penseli zake, mbele ya meza kubwa kuliko kitanda. Lami inatoka Ibra kwenda Sur, pahala pa ile njia yenu ya changarawe, na mimi nanakili mstari wake kwenye karatasi safi.

Siku moja Injinia Idris, Msudani mrefu, mpole, akaweka kidole kwenye ramani ya zamani. "Hapa dereva wa greda alisinzia?" akauliza. Njia inakuja imenyooka, halafu katikati ya uwanda mtupu, hapana mlima, hapana wadi wala bonde la mto mkavu, inapinda kusini karibu maili nzima, kisha inarudi kwenye mstari wake. Ofisi nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Nilijua nani aliyeipitisha njia hiyo: wewe, mtu wa reli wa Tabora, uliyekuwa ukikasirika hata msumari ukikaa upande.

Injinia akaifuta kona yako, akapiga mstari kwa rula, akanipa nichore. Wiki ile ile vigingi vikapigwa. Mkandarasi alikuwa aanze baada ya wiki mbili.

Kwa nini, Baba? Swali hilo lilinikaa kama mwiba wa samaki kooni. Nilimuuliza Mama. "Baba yako alikuwa akirudi na vumbi, si na habari," akanambia. Nasor alikumbuka kitu kimoja tu: kila ukitoka upande ule ulikuwa ukija na ndimu. Ndimu! Kwenye mawe matupu yale?

Alkhamisi nikamwambia Nasor anipeleke kwa pikapu yake. Nikashuka, nikafuata vigingi kwa miguu, Nasor nyuma yangu, jua linachoma, nisione ila changarawe na miti ya miiba. Nikawa nakaribia kuamini kwamba kweli ulisinzia. Ndipo bibi mmoja akatutokea na punda aliyebeba majani. Akauliza mimi binti wa nani. Nikajibu kwa Kiarabu changu cha kuokoteza. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Kibovu kama cha baba yako! Wewe binti Salim wa barabara!"

Jina lake Bi Shamsa. Akatupeleka nyuma ya kilima kidogo, kaskazini ya vigingi, na huko, Baba, kumbe kuna kijiji! Mitende, mindimu, majumba ya udongo, na maji yanayopita mbele ya milango. Akamwita Mzee Hamed, wakili wa falaji, mfereji wao wa maji; ndiye anayegawa zamu. Yeye ndiye aliyenambia ulichotuficha.

Kwamba siku moja gurudumu la mbele la greda lilididimia. Kwamba ulishuka, ukalaza sikio kwenye tundu, ukasikia maji yakipita chini kwa chini, katika mfereji uliochimbwa na mababu zao, mashimo yake yamefunikwa kwa mawe na udongo. Kwamba walikusihi usiiambie idara, maana kutengeneza barabara kunakunywa maji, na kijiji cha jirani magari ya matangi yaliteka mpaka falaji yao ikabaki ya kulowanisha vidole. Ukawapa ahadi. Ukaizungusha njia mpaka nyuma ya kisima cha mwanzo, huko kusini maji yanapoanzia. Na ripoti yako, nimeipata kabatini, ina maneno mawili: ardhi laini.

Nilikaa kwenye mkeka wao, sijui nicheke au nilie. Maana sasa ukimya wako ndio ungewaua. Rola ya kushindilia lami ikipita juu ya mfereji ule, dari lake halistahamili. Nikamwomba Mzee Hamed ruhusa ya kusema ofisini. Akakataa. "Baba yako alitupa neno."

Bi Shamsa akamkata. "Salim alinyamaza ili maji yabaki. Huyu akinyamaza, yatakwenda. Mwache aseme."

Mzee akainama, akachovya vidole majini. "Sema," akanambia. "Lakini magari yasije."

Jumamosi nikasimama mbele ya Injinia Idris. Nikamweleza yote. Akauliza, "Kwa hivyo baba yako aliidanganya idara?"

Baba, nisamehe. Nilisema, "Ndiyo."

Nikangoja anifukuze. Akachukua funguo za Landrova. Huko uwandani Mzee Hamed na vijana wawili wakafukua, wakanyanyua jiwe. Injinia akalala kifudifudi na shati lake jeupe, kichwa ndani ya shimo. Halafu nikamsikia akicheka kule chini. "Yapo! Yanakwenda!" Akainuka na udongo kwenye masharubu, na maswali hayamwishi: nani alichimba, walipimaje mteremko bila ya ala, nani hushuka kuusafisha? Akauliza kama ambavyo ungeuliza wewe. Tuliporudi, akaufuta mstari wake mwenyewe, na pembeni mwa ramani akaandika kwamba maji yasitekwe hapo. Nakala akampa Mzee Hamed.

Lami imepita, na kona yako ipo. Gari moja la tangi lilikuja juu ya hivyo. Bi Shamsa na wanawake wenziwe wakasimama penye shimo, wakamwonesha dereva ile karatasi. Akageuza, anatukana. Maji bado yanapita mbele ya milango.

Lakini mimi nawe, Baba... Kwa siku kadhaa nilikukasirikia. Chumba kimoja tulilala, sahani moja tulikula, na hukunambia. Halafu nikakumbuka nilivyokuwa na mdomo mrefu, na kwamba ndimu zile nilikuwa nikizipeleka kwa majirani wote. Ungenambia, Ibra nzima ingejua kabla ya adhuhuri. Nimekuelewa. Nimebaki na udadisi tu: mbele ya hapo, kabla ya kufika Sur, ramani yako ina kona nyengine mbili. Zile nazo?

Mzee Hamed amenialika siku watakayoshuka kusafisha. Naahidi kuichora falaji yote, shimo kwa shimo, kutoka kisima cha mwanzo mpaka mindimu ya mwisho. Haitakaa kabatini kwetu. Itakaa kwake, na nitaandika juu yake kwamba aliyeisikia mwanzo ni Salim, kwa sikio.

Mungu akupe kivuli, Baba.

Mwanao,
Zuwena