Buluu ya Gauni la Mama

Mwakeye! Nakusalimu kwa Kiha chetu, mjukuu wangu Neema. Hapa Kasulu tumeanza kuvuna maharage, na babu yako bado anabishana na redio.

Umeniuliza kwa nini kitambaa chako cha buluu, ulipokichovya kwenye rangi ya chungwa, kimetoka kama tope. Rangi hizo mbili zikikaa jirani, kila moja huing'arisha nyingine, lakini zikichanganywa, huuana.

Nilijifunza hilo kwa gauni la marehemu mama. Lilikuwa limepauka, nami nilitaka lichangamke kabla hatujalikata kuwa blanketi la viraka. Dada yangu Ana alinisihi niliache. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nikamjibu, "Wewe umesomea rangi wapi?"

Nikalichovya kwenye rangi ya chungwa. Lilipoanikwa, Ana alilitazama. "Haya, mwalimu. Umemzika mama mara ya pili."

Mfuko mmoja wa gauni alikuwa ameubandua kabla sijalichovya. Kila nilipoomba kuuona, alisema, "Ukauchovye?"

Mwezi uliopita, tulipomzika Ana, nilikuta vidole vyake vimeufumbata mfuko ule wote usionekane, kama alivyoagiza azikwe nao. Naweza kukueleza rangi zote, mjukuu wangu, lakini buluu ile siikumbuki tena.

Bibi yako