Ukurasa wa Kwanza wa Daftari

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie wewe, wifi na watoto. Mgongo wa wifi unaendeleaje? Na yule mdogo wenu, meno ya mbele yameshaota? Mama hajambo, anakusalimu na kulalamika kwamba umemsahau. Mimi mzima wa mwili. Roho ndiyo inayouma. Ningekupigia simu, lakini najua ningeangua kilio kabla hujaitika.

Unakumbuka nilivyokueleza kwamba fundi mkuu wa karakana yetu alikuwa akikata kitambaa huku ametugeuzia mgongo, tusije tukaiba ujuzi? Miaka minne nilishona vifungo tu, mpaka jina likawa Vifungo. Ndipo uliponielekeza kwenye vitabu vya bure mtandaoni, nikakipata kile cha ukataji wa nguo, kurasa mia mbili za lugha ya kigeni. Nilikisoma kwenye simu yangu yenye ufa, saa ya chakula, chini ya ngazi ambako mtandao unashika. Nilichokielewa nilikiandika kwa Kiswahili kwenye daftari la kijani, pamoja na michoro na vipimo vyote.

Pacha unamjua kwa maneno yangu. Cherehani yake inagusana na yangu na tulikuwa tunakula sahani moja, ndiyo maana watu wakamwita pacha wangu. Nilimfundisha yeye peke yake. Tulichora juu ya magazeti ya zamani, mgongo, kwapa, mikono, mpaka akaweza kukata gauni zima. Siku hiyo nilifurahi kuliko yeye.

Mwezi uliopita fundi mkuu aliacha kazi kwa sababu ya macho kumfifia. Mwenye karakana akatangaza kwamba meza ya kukatia ataipata atakayeonyesha kuwa anaijua kazi. Ijumaa Pacha akaniomba daftari, eti arudie sehemu ya kola. Nikampa bila kufikiri mara mbili. Jumatatu akanirudishia, na shukrani juu. Kumbe ndani ya mkoba alikuwa na jingine, limechapwa kwa kompyuta na kujalidiwa, jina lake juu kwa herufi kubwa. Alilifikisha ofisini kabla sijakaa kitini.

Meza akapewa yeye, na sisi tukagawiwa nakala. Nilipofungua sehemu ya kola nikayakuta maneno yangu: kola hii ina ushetani, kunywa maji kwanza. Nilijiandikia mwenyewe siku niliyoharibu kitambaa mara tatu! Mwenye karakana aliyasoma kwa sauti, akacheka, akamsifu Pacha kwamba ana kipaji cha kufundisha. Msichana mmoja mgeni akainuka kweli, akaenda kunywa maji.

Nikasimama nikasema kwamba daftari ni langu. Pacha wala hakukana. Alisema mbele ya wote kwamba alikuwa akiniona chini ya ngazi nikinakili vitabu vya bure, na cha bure hakina mwenyewe, aliyewahi kawahi. Hakuna aliyenitetea. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako; sisi tunaoshinda na nguo tulipaswa kukiona mapema. Nimesalitiwa, kaka, na mtu niliyemshika mkono. Hata sasa nikisikia mkasi wake ukipita kwenye kitambaa, nakanyaga cherehani kwa nguvu nisiusikie.

Jumapili nilikifungua tena kile kitabu, nitafute ushahidi wa kumwaibisha. Hapo ndipo penye jambo ninaloona haya kukuandikia. Kwenye ukurasa wa kwanza, ambao wewe mwenyewe ulinisomea kwa simu, yule bibi mshonaji aliyekitunga anasema: soma, nakili, tafsiri, fundisha, sidai kitu, naomba tu jina langu libaki kwenye kazi yangu. Kisha nikafungua daftari langu. Ukurasa wa kwanza nimeandika kwa mkono wangu: Nimetunga mimi. Bibi hayumo. Wewe humo, wewe uliyenifafanulia maneno magumu kila Jumapili mwaka mzima. Zamani Pacha aliniuliza nani ananisaidia, nikamjibu hakuna, ni kichwa changu tu. Nyani haoni kundule.

Hilo halimsafishi Pacha. Sasa kila mmoja anakula sahani yake, na sijui kama nitamsamehe.

Nimeandika ukurasa mpya wa kubandikwa mbele ya kila nakala. Juu kabisa nimeweka jina la bibi, na langu liko la tatu. Nitampelekea mwenye karakana na kumweleza yote, pamoja na uongo wangu, hata kama nitazeekea kwenye vifungo. Katikati nimeacha nafasi. Mara ya kwanza nilikuacha nje bila kukuuliza. Safari hii nauliza kwanza kama bado unataka jina lako likae karibu na langu.

Nibusie watoto, na wifi mwambie asiinue ndoo. Nasubiri jibu lako, liwe tamu au chungu.

Ndimi mdogo wako,
Vifungo