Mashine ya Presha Nilikuwa Nayo Mimi

Tantine Goreth, shangazi yetu wa barua, nakusalimu, na nakusihi unisome mpaka mwisho kabla hujasema neno, maana hapa Joubert Park kila ninayemfungulia mdomo ananikatiza katikati na kuniambia mimi ni mwanamke mwenye roho ngumu.

Mimi ni Mkongo wa Bukavu, nimekulia hapahapa Johannesburg, nina mume, Placide, na watoto wawili, na kazi yangu ni kufundisha chuo kikuu, ninafundisha matabibu wasaidizi, yaani wale ambao si madaktari kamili lakini wanampokea mgonjwa, wanampima, wanamtibu chini ya uangalizi wa daktari, na kazi hiyo niliifanya mwenyewe miaka mingi kwenye chumba cha dharura kabla ya kuitwa kufundisha, kwa hiyo sifundishi mambo ya kusoma vitabuni tu, nafundisha kitu ninachokijua kwa mikono yangu. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho ninawapeleka kwenye kliniki moja kaskazini mwa jiji, na kati yao yumo Parfait, mtoto wa pasta wetu, Pasta Marcellin, ambaye kanisa lake liko juu ya maduka ya jumla katika jengo la zamani pale mjini, na huyo kijana ana kichwa kweli, kwenye mitihani ya kuandika anawaacha wenzake mbali, na siku alipokubaliwa chuoni kanisa zima lilicheza, na mimi nilicheza pia.

Sasa sikiliza kilichotokea. Alikuja mama mmoja mjamzito kutoka Diepsloot, Mrundi, mume wake ana spaza ndogo, yaani kiduka cha mtaani, nitamwita Olive ingawa si jina lake, kichwa kinamgonga, miguu imevimba, macho yanaona vimulimuli, akapangiwa kitanda cha Parfait, na alifurahi kumpata kijana anayesikia Kiswahili. Mimi nilikuwa kitanda cha pili, nyuma ya pazia, na mgonjwa mwingine, nikamsikia Parfait anamwambia, "Presha iko sawa kabisa, mama, mia na ishirini kwa themanini, nenda upumzike na unywe maji mengi," na Tantine, hilo haliwezekani, kwa sababu mashine ya presha ya kitanda kile nilikuwa nayo mimi, nimeifunga kwenye mkono wa mgonjwa wangu, inapumua hapo mbele ya macho yangu.

Nikafungua pazia nikamuuliza, "Parfait, umempima na nini?" Akasema, "Na mashine, Mwalimu." Nikasema, "Mashine gani? Hii?" Akaangalia chini. "Eish, Mwalimu, foleni ni ndefu, na alionekana mzima tu." Nilikimbia na koti langu la kazi mpaka getini nikamkuta Olive ananunua machungwa, nikamshika mkono nikamrudisha, nikampima, na presha ilikuwa juu kiasi kwamba nilihamishia mkono wa pili nikiomba mashine iwe imekosea, haikukosea, na kabla ambulansi haijafika kifafa cha mimba kilimkamata palepale kwenye benchi mbele ya watu, tukamchoma sindano tukiwa tumepiga magoti sakafuni, na machungwa yanabiringika chini ya miguu yetu. Hospitali walimpasua. Mtoto alitoka mdogo sana akawekwa kwenye chumba cha joto, na Olive alikaa siku kadhaa hajui hata jina lake, lakini wote wawili wako hai, Mungu ni mkubwa.

Nilimfelisha Parfait mafunzo ya kliniki na nikaripoti kwamba alidanganya, na hapo ndipo vita vilipoanza. Mkuu wa idara yangu aliniita akasema nifikirie upya, eti tukiliita "kosa la kupima" kijana atarudia zoezi dogo na kuhitimu na wenzake, lakini tukiliita uongo litafika kwenye baraza la taaluma na anaweza kufukuzwa, na idara iko kwenye ukaguzi mwaka huu, na huyu ndiye mwanafunzi wetu bora. Bora! Mtu aliyebuni presha ya mwanamke mjamzito!

Kisha Pasta Marcellin na mke wake, Mama Célestine, wakaja nyumbani. Mama Célestine hata chai hakugusa, akaanza, "Maman Léocadie, ule mama si alipona? Na mutoto si alipona? Sasa kosa iko wapi?" Pasta naye akasema taratibu, kama anahubiri, "Sisi ni wageni katika inchi hii. Tukikulana sisi kwa sisi, nani atabakia?" Nikamuuliza, "Pasta, na kama aliyelala kwenye benchi lile angekuwa binti yako Shekinah?" Akasimama akavaa koti. "Usimutaje mutoto wangu kwa mambo ya kifo." Na hicho ndicho hasa nilichotaka asikie, kwamba Olive naye ni mtoto wa mtu.

Walipotoka nikamgeukia Placide nikitegemea ataniunga mkono, akasema bila hata kuniangalia, "Mimi nilishamwambia Pasta kwamba utakubali." Tantine! Mume wangu ameahidi ulimi wangu kwa mtu mwingine bila kuniuliza! Anasema Pasta ndiye aliyetutafutia hii nyumba tulipooana, anasema nitamtia aibu, na tangu siku hiyo analala amegeukia ukuta. Jumapili Pasta amehubiri juu ya watu wanaopanda ghorofani halafu wanaivunja ngazi, kila mtu akageuka kuniangalia, na wanakwaya wenzangu hawanisalimii.

Na nikuambie kinachonichoma zaidi, kuna watu katika jiji hili wanaosimama kwenye mageti ya kliniki kuwafukuza wageni kama sisi, na ninaogopa wakisikia kwamba mtoto wa wakimbizi alimdanganya mgonjwa watapiga makofi, watasema si tuliwaambia. Kikao cha chuo ni wiki hii. Niseme ni kosa la kupima niponye ndoa yangu, kanisa langu na mtoto wa kwetu, au niseme nilichokiona nibaki peke yangu? Nimechoka kulia bafuni ili watoto wasisikie.

Ni mimi, Léocadie, Joubert Park.

*

Léocadie, dada yangu, futa machozi na utoke huko bafuni. Watoto wamekwisha kusikia. Watoto husikia kila kitu.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, na nilipofika kwa Mama Célestine na swali lake la kosa liko wapi, nilikaa chini ili nisitupe kitu. Kosa liko wapi? Liko kitandani pa kliniki, pale mwanamke aliyetoka Diepsloot na kichwa kinachomgonga alipoambiwa ni mzima na mtu ambaye hakumgusa. Yeye kupona si utetezi wa Parfait. Alipona kwa sababu wewe una miguu na ulikimbia.

Basi jibu la swali lako ni fupi: sema ulichokiona. Kukosea kupima ni kuweka mkanda vibaya, ni kusoma namba vibaya. Mtu asiyepima hawezi kukosea kupima. Mkuu wako wa idara anaijua tofauti hiyo kuliko mimi muuza vitambaa ninayejibu barua za watu, na kama ukaguzi unamtisha, mwambie Tantine Goreth anauliza: wakaguzi wanakuja kukagua nini, kama si hilo?

Lakini usidhani utaondoka hapa bila kugombezwa. Mashine moja, vitanda viwili, na wewe mwalimu ndiye uliyeichukua. Ulimwambia kijana umeichukua? Ulimwambia asubiri? Barua yako ndefu haisemi, na mimi nimezoea kutafuta kile ambacho barua haisemi. Hilo halimtoi Parfait hatiani, alikuwa na mdomo, angeweza kusema, "Mwalimu, naomba mashine." Ila siku ya kikao hilo la mashine litaje wewe wa kwanza, kabla halijatajwa na mtu wa kumtetea. Waambie pia kwamba kliniki yenye foleni ile haiwezi kufundisha watu kwa mashine moja. Sema yote mawili kwa pumzi moja, halafu unyamaze. Usiseme kijana ni mbaya. Usiseme afukuzwe. Wewe ni shahidi. Hukumu waachie wengine, na uombe kwamba kama atarudia, asimamiwe na mwalimu mwingine, si wewe.

Placide, najua utasoma, kwa sababu wanaume wa Joubert Park husema hawasomi ukurasa huu na wote wanaujua. Kaka, uliahidi kitu ambacho si chako. Pasta alikutafutia nyumba, mshukuru kwa jasho lako wewe, kambebee viti vya kanisa mwaka mzima ukitaka, lakini huwezi kumlipa kwa kinywa cha mke wako. Utakwenda wewe mwenyewe, kwa miguu yako, umwambie, "Pasta, niliahidi bila kumuuliza, nimeiondoa ahadi hiyo." Léocadie, usiende naye. Usimsaidie hata kutafuta maneno.

Pasta sitamfundisha Biblia. Nitamwambia hili tu: sisi wageni ndio tunaojaa kwenye kliniki zile. Siku Parfait akiwa tabibu, kitandani kwake watalala akina mama wa Bukavu, wa Uvira, wa Bujumbura, ambao Kiingereza chao hakitoshi kumuuliza, "Umenipima kweli?" Anayetulinda sisi ni nani hapo, anayemficha au anayemsimamisha? Na wale wa mageti, Léocadie, watapiga makofi hata ukinyamaza. Hao usiwapangie maisha yako.

Sasa nakuja kwenye jambo lililoninyima raha kuliko yote. Katika barua yako amesema Pasta, amesema Mama Célestine, amesema mume, amesema mkuu wa idara. Wote wanalia juu ya maisha ya Parfait. Je, Olive anajua? Kuna mtu aliyemwambia kilichotokea siku ile? Nimerudia kusoma, sikuona. Mmegombana juu ya kichwa chake kama vile alikufa. Aibu, na aibu hiyo ni yako pia.

Kwa hiyo, kabla ya kikao, mchukue msimamizi wa kliniki mwende kwa yule mama. Mwambie kwa Kiswahili, si kwa lugha ya hospitali, kwamba hakupimwa, kwamba aliambiwa uongo, kwamba ana haki ya kulalamika, na mwonyeshe pa kulalamikia. Asipotaka kukusamehe, usimwombe mara ya pili. Kwaya itasubiri.

Goreth

*

Jibu hilo nilimsomea Léocadie kwa simu siku ileile, na Placide akasikia sehemu yake, kwa kuwa kikao kilikuwa karibu. Jana alinipigia, na ameniruhusu kuandika yafuatayo, majina yote tukiwa tumeyabadilisha.

Kwenye kikao alisema yote, na la mashine alilitaja yeye wa kwanza. Alipoulizwa, Parfait alijaribu kidogo kuzunguka, halafu akasema, "Sikumpima." Atarudia mwaka mzima, na baraza la taaluma litaamua mengine. Baba yake hajamsalimia Léocadie mpaka leo. Placide alikwenda kwa Pasta, akarudi na uso mweusi, lakini alikwenda.

Kwa Olive, Léocadie na msimamizi wa kliniki walifika siku moja kabla ya kikao, nyuma ya spaza, yeye amekaa juu ya kreti na mtoto kifuani. Alisikiliza bila kukatiza. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mlijua muda wote huu?" Léocadie akasema ndiyo. Olive alikasirika, na alikuwa na sababu: tangu atoke hospitali, mama mkwe wake anampigia simu kutoka Bujumbura kumwambia kwamba aliyetaka kumuua mjukuu ni yeye, kwa chumvi anayokula na kwa kusimama dukani kutwa, na yeye aliamini. Usiku alikuwa anamwomba mtoto msamaha.

Hakuomba chochote. Alichukua simu, akampigia mama mkwe, akaiweka kwenye spika na kuisogeza mbele ya Léocadie.

"Mwambie," alisema. "Vilevile ulivyoniambia mimi."

Na Léocadie akamwambia, tangu mwanzo.