Zamu ya Wifi

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Gonja tu wazima na kikohozi cha babu yako kimepungua, ila mimi nina wasiwasi tangu nisome barua yako. Unauliza kama inatosha kumpa dada yako mkono wa amani kanisani.

Nilipokuwa nimeolewa karibuni, nilimpa wifi yangu mkono huo Jumapili. Jumatatu nikafungulia shamba langu maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, na zamu ilikuwa yake. Jumapili iliyofuata akanipa mkono tena, nikashindwa kumtazama. Nikamwachia zamu yangu, ndipo tukazungumza.

Neema, umeniandikia habari za mkono tu. Hukuniambia umemfanya nini dada yako, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Bibi yako